Nani Anamshika Mama Usoni?

Sanamu ya mama yangu ilikuwa inabadilika sura.

Sitanii. Naiacha ina pua nyembamba, nikirudi nakuta pua imetandaa. Naiacha ina kidevu kirefu, nakuta kidevu kimerudi ndani.

Na mama yangu alishafariki zamani, nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mimi niliifunika tena upesi.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mimi ni mtu wa aibu. Nikisalimiwa na watu wawili kwa mpigo, namjibu mmoja, mwingine namwinamia. Shule niliishia darasa la tano, mwaka ambao macho ya baba yalizima kabisa. Baba alikuwa fundi cherehani. Hakukuwa na wa kumshika mkono zaidi yangu, basi nikabaki nyumbani.

Tangu macho yazime, baba ana tabia moja. Nikirudi, hata kama nilitoka kuanua nguo tu, ananiita na kunipitishia viganja usoni. Taratibu, kama fundi anayetafuta kasoro kwenye kitambaa.

Halafu anasema, "Haya, ni wewe. Pita."

Nimezoea. Nisipopapaswa naona kama sijafika.

Nyuma ya nyumba yetu kuna ghala la zamani la mbao. Mwalimu mmoja wa kike alilifungua likawa darasa la sanaa la mtaa. Upande mmoja wanachora kwa penseli, upande mwingine wanapaka rangi, na kule mwisho, karibu na bomba, ndiko kwenye udongo. Anaingia yeyote.

Yuko dereva mstaafu wa malori, tunamwita Mzee Breki. Tangu aanze darasa hajawahi kuchora kitu kingine zaidi ya lori.

"Mzee, leo tunachora bakuli la matunda," mwalimu anamwambia.

"Ninalo. Nimelipakia humo nyuma," anajibu, anaonyesha turubai la lori lake.

Mimi nilikwenda kwenye udongo. Udongo haukuulizi umesoma mpaka wapi.

Siku moja mwalimu akasema, "Kila mtu atengeneze kichwa cha mtu anayemkumbuka sana."

Nikasema moyoni, mama.

Halafu nikakaa. Namkumbuka vipi mtu ambaye simkumbuki?

Picha yake ilikuwa moja tu nyumbani. Paa lilivuja, ikalowa, ikabaki rangi ya bluu ya gauni. Pale penye uso pakabaki doa.

Nikamuuliza baba. "Baba, mama alikuwa na pua ya namna gani?"

"Ya kawaida."

"Na macho?"

"Mazuri."

"Mazuri vipi?"

"Mazuri, mwanangu. Kwani mazuri yako mangapi?"

Baba maneno yake ni ya kuhesabu. Nikaacha.

Nikaanza kwa kubahatisha. Nikachukua pua ya huyu, mdomo wa yule, nikamuundia mama. Nikimaliza kazi ya siku nafunika kichwa kwa kitambaa kibichi, na mfuko wa plastiki juu, maana udongo ukikauka kabla ya wakati wake unapasuka.

Ndipo mambo yakaanza.

Kwanza pua. Halafu mashavu, yakajaa. Halafu, jamani, pakatokea kashimo kadogo juu ya nyusi ya kushoto.

Nikashika nyusi yangu. Mimi pia ninako kashimo hapo hapo, ka tetekuwanga.

Nikasema, kumbe hata mama aliugua!

Nikalia kwa furaha na woga pamoja. Pamoja na hofu yote, sikuthubutu kurekebisha kitu. Yule anayekuja, jini au mtu, alikuwa anamjua mama kuliko mimi.

Nikajikaza, nikamuuliza Mzee Breki kama ndiye anayegusa kazi yangu.

"Mimi? Hicho kichwa kina magurudumu? Nikiguse ili iweje?"

Lakini hakunitazama usoni. Na kitambaa cha siku ile kilikuwa kimefungwa vizuri mno, kingo zimekunjwa ndani kama pindo la gauni.

Kesho yake asubuhi nikamuaga baba kwamba nakwenda sokoni. Nikazunguka nyumba, nikachungulia kwenye ufa wa mbao za ghala.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee Breki, anarudi kinyumenyume, kamshika mtu mikono yote miwili.

"Njoo, njoo, kata kushoto, njoo... hapo hapo! Simama!"

Alikuwa baba.

Mwalimu akamsogezea kiti. Ikaonekana si mara ya kwanza. Baba akafungua kitambaa, akakikunja, akaweka pajani. Akashika kile kichwa kwa viganja viwili na vidole vikaanza kutembea.

Akawa anaongea nacho. Baba yangu, asiyeongea.

"Mwanao ananiuliza pua yako ilikuwaje. Nimwambie nini mimi? Maneno sina. Acha nimwonyeshe tu."

Akabonyeza shavu kidogo kwa dole gumba. Akatabasamu.

"Huyo. Unaona sasa? Huyo."

Niliondoka pale nimeuma kanga nisilie kwa sauti.

Sikumwambia kwamba nimemwona, naye hakuniambia. Asubuhi akawa anakwenda yeye, jioni nakwenda mimi. Alipoweka yeye mimi nilisawazisha tu, nikachora nywele, nikalainisha shingo. Nyumbani akaanza kuimba akiwa anashona vifungo kwa kupapasa. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama zile.

Kabla ya kuchoma, kichwa hukatwa kwa juu kwa uzi wa waya, kikachimbwa ndani kibaki ganda, halafu kikaunganishwa tena. Usipofanya hivyo kinalipuka kwenye tanuri. Mwalimu aliponipa ule waya nikashindwa.

"Siwezi kumkata mama."

"Ukimwacha amejaa, moto utamvunja," akasema, akanishika mkono. Tukakata pamoja.

Kikatoka kwenye tanuri kizima, chekundu, hakina hata ufa.

Siku ya maonyesho ghala lilijaa. Mzee Breki alipanga malori yake ukutani kama yako foleni. Baba alikaa karibu na sanamu, amevaa koti lake alilojishonea zamani, kidevu juu.

Watu walipita wakisema, "Jamani, mama na mwana mmefanana hivi!"

Mimi nikitazama chini, moyo umejaa. Nilikuwa na mama. Mwenye sura.

Ndipo akaja shangazi, dada yake baba. Anaishi mbali, huja kwa nadra, na akija mtaa mzima unajua. Aliingia na vicheko vyake, akafika mbele ya sanamu, akainama kuitazama.

Akanivuta mpaka nje, kwenye bomba.

"Nani kakwambia huyo ni wifi yangu?"

"Ni mama, shangazi. Baba mwenyewe ndiye..."

"Mwanangu, huyo siye." Akaniwekea kidole juu ya nyusi. "Haka kashimo ni kako. Ulipougua tetekuwanga ni mimi niliyekuogesha. Mama yako alishalala kaburini. Yale mashavu, hiyo pua, kidevu, vyote vyako. Huyo ni wewe."

Nikajigusa kidevu. Mtu hujiona usoni kwenye kioo, hajioni kwa upande. Nilikuwa nimelainisha shingo yangu mwenyewe.

"Basi niambie wewe, shangazi. Alikuwaje?"

"Mama yako alikuwa na... uso wake ulikuwa..."

Akafumba macho. Nikangoja. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo.

"Ni siku nyingi, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Najua tu kwamba siye."

Nilimwapisha asimwambie baba. Kwani kuna hasara gani? Aamini. Aimbe.

Tukaibeba sanamu nyumbani, tukaiweka juu ya meza ya cherehani. Shangazi akaondoka. Mimi nikatoka kwenda kurudisha kitambaa cha mwalimu.

Niliporudi, baba alikuwa amekaa na mkono wa kulia juu ya shavu la sanamu. Akasikia hatua zangu.

"Umekuja? Sogea."

Akaninyooshea mkono wa kushoto, kama siku zote.

Ndugu zangu, sikuwaza. Nilisogea tu kwa mazoea.

Mkono mmoja ukawa kwake, mmoja kwangu. Vidole vikashuka pamoja. Nyusi na nyusi. Pua na pua. Vikafika kwenye kidevu, vikasimama.

Vikapanda tena. Kashimo. Kashimo.



"Ni wewe," baba akasema.

Safari hii hakusema pita.

"Baba..."

"Nilikuwa nadhani ni yeye. Kila nikimtafuta alikuwa anakuja. Kumbe vidole vimezoea wewe tu." Akavuta pumzi. "Mama yako sikuwahi kumpapasa hivi. Nilikuwa na macho. Nilikuwa namwona pale, anapika, anafua, nikasema nimeshamwona. Kumbe sikumshika. Ameondoka na macho yangu."

Akalia. Sijawahi kumwona baba akilia, hata siku macho yalipozima. Nikampigia magoti, nikaweka kichwa changu mapajani kwake, na yeye akalia juu ya nywele zangu.

Ile sanamu bado iko juu ya meza ya cherehani. Hatukuwa na moyo wa kuivunja. Uso wa mama hatuna. Baba hana, shangazi hana, na mimi sikuwahi kuwa nao.

Wewe unayesoma hapa, kama mtu wako yuko chumba cha pili anaosha vyombo, usijiambie umeshamwona. Nenda kamshike uso. Akikuuliza umekuwaje, mwambie hakuna kitu.

Mimi nimerudi darasani. Sasa natengeneza kichwa cha baba.

Natengeneza nikiwa nimefumba macho.