Safari ya Mkange Kutafuta Mti Uliopinda

Niliondoka Mlingotini kwa ajili ya ubavu mmoja wa mashua. Wengi mmeniuliza kwa nini bega langu moja limeinama kuliko la pili, na wengine mmeshajitungia hadithi zenu, basi acha niwaeleze mwenyewe tangu kuondoka hadi kurudi, tumalize maneno. Chuoni sikuhitimu, kwa hiyo nitakaporuka jambo mtanisamehe.

Marehemu baba alituachia mashua. Haikuwa ya kuvulia wala ya kubebea mzigo. Baba alikuwa mtu wa kutembelea watu, na mashua ile ndiyo iliyokuwa miguu yake: leo Kunduchi, kesho Unguja, mwezi mwingine Mafia kwa wakwe zake. Alipofariki ikapandishwa pwani, ikakaa juani mpaka mbao zikaachana, ukaweza kupenyeza kidole. Mimi nilikuwa naingia ndani yake nikikosa kazi, nikijiona nafika Lamu, nafika Ngazija, watu wamejaa pwani wananipokea. Mama naye alikuwa na lake. Mama yake yu hai huko Mafia, macho yamekwisha, na mama alishaapa hapandi chombo cha watu baki.

Tatizo lilikuwa Baba mdogo, Bwana Kondo, ndiye mkubwa wetu baada ya baba. Siku zile Bagamoyo kila aliyepata pembe za ndovu alikuwa anajenga nyumba ya mawe, na mawe yanataka chokaa, na chokaa inataka kuni. Mwenye tanuru alikuja akaigonga mashua yetu kwa kidole, akasema itawaka vizuri. Baba mdogo akamkubalia. Mama akalia, mimi nikalia kumshinda mama, ndipo Baba mdogo akalegeza kidogo. Akasema tukiitengeneza ikaelea bamvua lijalo, maji yanapojaa hadi juu kabisa, iwe yetu. Ikishindwa siku hiyo, iende tanuruni.

Fundi Mbwana aliikagua. Kuziba nyufa kwa pamba na mafuta aliona ni kazi ya mikono tu, na mkuku, ule mti mkuu wa chini, ulikuwa mzima. Kilichomtia mashaka ni taruma moja, yaani ubavu wa ndani unaoshika mbao zisifunguke, huko mbele upande wa omo. Aliligusa likabaki mkononi mwake kama mkate. Sasa taruma halikunjwi, hutafutwa: unakwenda ukauone mti uliojipinda wenyewe vile unavyotaka. Miti mikubwa iliyopinda kwenye mikoko yetu ilikwisha zamani, vimebaki vijiti. Basi fundi akakata ufito mbichi, akaukunja mahali pa taruma ukalala juu ya mbao sawasawa, akaufunga kamba ncha kwa ncha kama upinde, akanipa.

"Mkange kuna mikwaju ya kale. Leta gogo linalolingana na huu, nene, kuchonga niachie mimi."

Nikamwuliza, nisipolipata je? Akasema nirudi na ufito, tutachomea muhogo.

Siku ya kuondoka nilipewa mwenzangu wa njia, Shomari, mtoto wa Baba mdogo. Mwenyewe alisema ametumwa kuhakikisha sifi maji ya mtoni, maana ya bahari yamenishinda kabla sijayaingia. Tulikwenda kwa furaha. Ufito niliuvaa begani kama mwindaji, na kwenye kamba yake nikatundika fungu letu la mihogo mikavu na shoka la Shomari.

Bagamoyo tulifika tukiwa wazima bado. Tulilala kwa Bwana Yusufali, Mhindi mwenye duka, aliyewahi kuvuka na baba hadi Unguja na kutapika njia nzima. Alituwekea robota dogo la pamba ya kuzibia nyufa, tulichukue tukirudi, akasema ni sadaka kwa ile mashua iliyomwona katika hali ile isimsimulie mtu. Kisha akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli tunataka kuichoma. Nikamwambia Baba mdogo ndiye atakaye. Akatikisa kichwa, akaenda kufunga milango ya duka.

Ng'ambo ya mto Kingani furaha ilianza kupungua. Njia ilikuwa imepondwa na wapagazi wa bara, matope yamekauka yakawa na meno. Jua likatuchoma mchana, mvua ikatupiga baadaye, nguo hazikukauka. Nilijaribu kumsimulia Shomari habari za Ngazija nitakavyofika, akaniomba nifike kimyakimya. Mto Wami tulivushwa kwa mtumbwi na mtu mfupi mwenye kofia ya ukindu, asiyecheka, viboko wakitutazama kwa macho na masikio tu. Toka hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka visigino vya Shomari mbele yangu, na kamba ya ufito ikinikata shingo kwa uzito wa mihogo.

Mkange tulipofika tulionyeshwa kwa Bi Mwanamvua, mjane wa Kizigua, ambaye nyuma ya nyumba yake palikuwa na mkwaju mkubwa. Nilipiga shikamoo, akaitika marahaba, akatupa maji kabla hajatuuliza shida. Nilizunguka ule mti nimeinua ufito juu, tawi kwa tawi, hata shingo ikakakamaa, na upande wa machweo nikaliona. Lilikuwa limepinda kama lilikunjwa pamoja na ufito wangu. Nilikaa chini. 

Bi Mwanamvua hakuwa amepata kuiona bahari. Aliuliza mashua ina mbavu ngapi, kama ina moyo pia. Kisha akasema tawi tulichukue, ila tujue kuwa kivuli cha tawi lile ndicho anachotwangia mahindi miaka yote, tangu alipoolewa.

Shomari alishashika shoka. Mimi nikashindwa. Nilimwambia tutamjengea kibanda kwanza.

"Bamvua linatungoja?" Shomari aliniuliza.

"Halitungoji."

"Sasa?"

"Sasa kata miti ya kibanda."

Akanitazama kama nimeingiwa na shetani, lakini akakata. Tukasimamisha nguzo, tukaezeka makuti ya mikoche, kazi ya kutwa nzima, na wakati wote alikuwa akimwambia Bi Mwanamvua kwamba mimi nimesoma chuoni mpaka akili ikahamia kifuani. Yule mama alicheka hadi akaweka mchi chini. Kesho yake tukakata tawi. Lilipoanguka, yeye alikuwa tayari kibandani anatwanga, hakugeuka kutazama.

Njia ya kurudi ndiyo iliyoniinamisha bega. Mkwaju mbichi ni mzito kama jiwe, na gogo lililopinda halikai juu ya watu wawili: likimpendelea wa mbele, linamsukuma wa nyuma. Tulibadilishana mabega hata yakaisha yote. Watu wa Miono waliokuwa wanashusha tumbaku pwani walitupita, wakatupa pole, wakatupita tena walipokwisha kupumzika, wakatucheka. Fungu la mihogo bado nilikuwa nimelining'iniza kwenye ufito. Shomari hakutukana tena, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu Shomari asiyetukana ni mgonjwa.

Mtoni Wami yule mtu wa kofia ya ukindu alitutazama tunavyoteremka.

"Hilo taya la kiboko mmelitoa wapi?"

Nikamweleza ni ubavu wa mashua.

"Basi mashua yenu na ije ilivushe. Mtumbwi wangu unabeba walio hai."

Tulimbembeleza. Tulijaribu kulielesha gogo kwa kamba, likazama papo hapo kama lililotupwa, tukalivuta kwa shida huku tukitazama mamba. Mwenye mtumbwi alikuwa amekaa anatafuna muwa. Akasema tulipunguze libaki nusu, atatuvusha, tusipolipunguza tukae hapohapo tuoe, tuzae.

Fundi alitaka gogo nene. Hilo nililikumbuka, wala sikulificha, nilimwambia Shomari. Akaniambia fundi hayupo, mto upo. Akaulaza ufito juu ya gogo, akasema tukiufuata huu hatutapotea, fundi mwenyewe kaukunja kwa mkono wake. Neno lake lilikuwa na haki. Tukachonga tukiufuata, zamu kwa zamu, yeye shoka, mimi shoka, vibanzi vikaruka mtoni, mpaka likabaki taruma kamili, jembamba, zuri, nikalipapasa kama ndama. Tukavushwa. Ng'ambo ya pili nililibeba peke yangu, Shomari akanifuata akichechemea, na kwa mara ya kwanza tangu Bagamoyo nikaiona Lamu.

Kwa Bwana Yusufali tulipita kama watu waliokufa, tukachukua pamba, hatukuweza hata kula.

Mlingotini tuliingia asubuhi ya bamvua lenyewe. Watu wa tanuru walikuwa wameshakaa mchangani na mashoka yao, Baba mdogo yuko kati yao. Fundi Mbwana alikuwa ameziba nyufa zote kwa pamba aliyokuwa nayo, robota letu akalimalizia kwenye mashimo yaliyobaki. Mashua ilikuwa imepakwa mafuta ya papa, inanuka, inang'aa, imekamilika, ila pale omo palikuwa wazi kama pengo la jino. Mama alinishika uso kwa mikono miwili.

Tukalitia taruma mahali pake. Ncha ya juu ikakaa. Ncha ya chini ikakaa. Katikati, pale penye mpindo, likasimama mbali na mbao, mkono wa mtu ukapita.

Fundi alitoka nje ya mashua akauchukua ufito. Akaulaza pale pale alipoukunja yeye mwenyewe, nao ukasimama mbali vilevile. Akaivuta ile kamba. Ilikuwa imelegea kwa mihogo na shoka na mvua, na ufito ulikuwa umefunguka kidogo kidogo njia nzima, siku zote hizo, begani kwangu.

"Ufito mbichi unataka kunyooka," akasema. "Uliuachia nafasi, ukanyooka."

"Hakuna pa kuchonga?" nikamwuliza.

"Mmeshachonga ninyi."

Mwenye tanuru akainuka, akajipangusa mchanga, akamwambia Baba mdogo kuwa maji yanapanda, kama ni kuivunja ivunjwe sasa ikiwa pakavu. Fundi akasema bado kuna njia moja. Alikate taruma katikati, kila kipande kilale na mbao zake, kisha aviunganishe kwa kijiti kifupi cha mkoko kilichopinda, kimoja cha vile vilivyobaki tele hapo nyuma yetu. Nikamwuliza kama tangu mwanzo tungeweza kutumia vijiti vya hapo nyuma. Akasema tungeweza, lakini zima ni zima, na la vipande hulia kila wimbi. Alikuwa ametaka mashua ya baba irudi kama baba alivyoiacha.

Baba mdogo akasema, "Nilisema itengenezwe. Hii ya viraka itamzamisha mtu, kisha nitaulizwa mimi."

Ndipo Shomari akapanda mashuani akichechemea, akakaa ndani, pale penye pengo. Alikaa taratibu kama mzee.

"Baba," akasema, "ukiichoma, nichome nami humuhumu. Mimi sikubeba gogo lile kutoka Mkange nije nipike chokaa."

Baba mdogo alimtazama mwanawe, akalitazama bega lake lililochubuka, nyama imeonekana. Akavua kanzu, akaikunja, akampa mama aishike. Akamwambia fundi akate.

Msumeno ulipopita katikati ya taruma nilitazama baharini. Nilihesabu mashua za watu, nikafika mwisho, nikaanza tena. Kila nilipomaliza nao bado walikuwa wanakata, maana mkwaju ni mgumu.

Maji yalipanda yakatukuta bado tunapigilia. Yakaingia chini ya mashua, yakaitikisa, na mbao zilizokuwa kavu zikavuja kila mahali. Baba mdogo, fundi, Shomari na mimi tulikumba maji kwa vifuu na ndoo, tukikumba tunaona mengine yanaingia. Watu wa tanuru walibaki wamesimama na mashoka, maji magotini, wakituangalia. Kisha mkuku ukaachana na mchanga. Niliusikia miguuni. Mwenye tanuru akasubiri kidogo tena, aone kama itakaa chini, na ilipokataa kukaa akayabeba mashoka yake, akaondoka na watu wake bila kuaga. Mimi nililala hapohapo ndani, maji yaliyovuja yakinifika masikioni, Shomari akanivuta kichwa kisizame.

Nilichojifunza ni kidogo kuliko nilivyochoka. Kamba ya kipimo haibebi mihogo. Na mtu anayekununia njia nzima usimhesabu ni adui mpaka mfike.

Mama tumempeleka Mafia, tumekwenda na kurudi salama, na bibi ameipapasa mashua kutoka omo mpaka tezi. Nawe ukija kupanda, karibu, lakini kaa huku nyuma kama usingizi wako ni mwepesi. Huko mbele, kila wimbi, chini ya miguu kuna kitu kinalia. Usishtuke, wala usimwite fundi. Ni sisi, bado tunatoka Mkange.