Kigingi cha Hatua Kumi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo aibu yake haijanitoka mpaka leo. Enzi zile za mkoloni nilikuwa mlinzi wa ghala katika shamba la chai karibu na Kapsoit, nikakabidhiwa bastola. Kijana mwenye bastola siku zile! Hata kofia niliivaa upande.

Aliyenifundisha ni mzee arap Koros, askari aliyepigana vita vya Wajerumani. Tulilenga ubao uliosimamishwa mbele ya ukingo wa udongo, na amri ilikuwa moja: usivuke kigingi kilichopigwa hatua kumi kutoka ubaoni. Ukirudi nyuma zaidi, risasi ikikosa ubao huweza kuruka ukingo, na ng'ambo kuna watu wanachuma chai. Mimi niliona hatua kumi ni mchezo wa watoto. Mzee alipokwenda kunywa uji, nikang'oa kigingi, nikakipeleka hatua arobaini, nikafyatua. Ubao haukutikisika.

Punde akatokea mchumaji mmoja, Onyango, ameshika kikapu kilichotobolewa upande huu na upande wa pili.

"Kijana," akasema, akipitisha kidole kwenye tundu, "hii kikapu nimetoa kwa mgongo saa hii tu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi, mwanangu, nilikaribia kuvunja la mwenzangu. Niliogopa. Nilijua kazi imekwisha, na labda jela inaningoja.

Arap Koros alirudi, akasikia yote, wala hakupiga kelele. Alitoa risasi zote, akanirudishia bastola kiunoni ikiwa tupu, akanisimamisha hatua kumi kutoka ubaoni, kisha yeye akasimama penye ubao na fimbo.

"Mimi ni mwizi, nakuja," akasema. "Toa bastola."

Mara tatu alinijia mbio, mzee wa mvi, na mara tatu fimbo ilinigonga bega mkono wangu ukiwa bado unahangaika na mfuko wa ngozi. Onyango alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema hatanishtaki kwa mwenye shamba.

"Hatua kumi imekushinda," mzee akaniambia, "na wewe unataka arobaini?"

Nilikirudisha kigingi mwenyewe. Nilijifunza hapo hapo miezi mingi, mpaka fimbo yake ikawa hainifikii tena.

Basi, mwanangu, usidharau mpaka uliowekewa. Aliyeuweka anajua ni nani yuko ng'ambo. Limudu la karibu kwanza. Mungu akupe mkono mwepesi, na kabla ya mkono akupe macho ya kumwona Onyango nyuma ya shabaha.