Kizimba cha Mtambo wa Nyansurura

Ipo asubuhi moja ya Nyansurura, mwanangu, ambayo hunijia kila nisikiapo kijana akiitwa mwoga. Nilikuwa msichana bado, sijaolewa. Watafuta dhahabu walikuwa wamejaa huku kwetu, kutoka Tarime hadi Serengeti, na karibu kila kilima kilikuwa na mtambo wa kuchoronga mwamba. Mimi nilipata kibarua cha kuosha na kupanga mawe yaliyotoka shimoni. Kaka yangu Mwita alipata cha kubeba mabomba.

Mabomba hayo ndiyo yaliyoteremshwa ardhini. Shimo lilipoongezeka kina, bomba jingine liliunganishwa juu ya lililotangulia. Watu wawili walilibeba, wakalisimamisha, wakalikaza kwa spana ndefu kama mguu wa mtu. Mwita alilibeba peke yake, begani, kama anayebeba mwanzi. Wachungaji waliokuwa wakipeleka ng'ombe mtoni walisimama kumtazama. Sitakuficha, nilijivunia kuitwa dada yake.

Kisha kwenye mtambo mwingine kijana wa Robanda akanaswa mkono kati ya spana na bomba. Vidole vyake vikabaki palepale. Haukupita muda, kwetu ukaletwa mkono wa chuma. Uliokota bomba chini, ukalinyanyua, ukalisimamisha mahali pake, na taya zake zikalikaza bila mtu kuligusa. Mahali bomba linapozunguka pakajengewa kizimba cha wavu chenye mlango; mlango ukifunguliwa tu, mzunguko unakoma. Kazi iliyokuwa ikituchosha hadi mchana ikawa inaisha na chai haijapoa.

Mwita hakuupenda mkono huo wa chuma. Aliambiwa ajifunze kuuongoza kwa vishikio vyake, akajibu kwamba kusukuma vijiti ni kazi ya wagonjwa. Nadhani aliona chuma kimemnyang'anya jina.

Asubuhi ninayokuambia, mpira wa mafuta unaoupa ule mkono nguvu ulipasuka, na kipuri kilipaswa kutoka Mwanza. Msimamizi wetu alikuwa na haraka. Wakubwa wake waliamini shimo lile lina dhahabu, na mvua zilikuwa zimekaribia. Akatafuta waya, akaifunga swichi ya mlango wa kizimba, ili mtambo uzunguke hata mlango ukiwa wazi.

"Leo tunarudi kwenye mikono yetu," akasema. "Mwita, si ndicho ulichokuwa unakililia?"

Mwita akacheka, akakunja mikono ya ovaroli lake.

Mwendeshaji wa mtambo alikuwa Mzee Salumu, Mwislamu wa Mugumu, mtu asiyependa maneno mengi. Alizima injini, akachomoa ufunguo.

"Siwashi," akasema.

"Unaogopa nini, mzee?" msimamizi akauliza.

"Naogopa hilo bomba."

Vibarua wakacheka. Mwita akapaza sauti: "Mzee Salumu, kwetu mwanaume haogopi chuma!"

Wewe ni Mkurya, mwanangu, unajua neno hilo lina uzito gani. Watu wameshikiana mapanga kwa neno dogo kuliko hilo. Mzee hakukasirika. Alishuka polepole, akasimama mbele ya Mwita.

"Kijana, siku ulipotahiriwa, ulipepesa macho?"

"Sikupepesa."

"Najua. Kisu kile kilikukata ukatoka mwanaume, mama yako akakupigia vigelegele. Chuma hiki kikikukata, utatoka nani? Na mama yako atapiga nini?"

Vibarua wakaacha kucheka. Hata msimamizi aliangalia pembeni. Kisha akakumbuka cheo chake, akamwambia mzee awashe au aache kazi. Mzee Salumu akaweka ufunguo juu ya kiti, akachukua mfuko wake, akashika njia ya Mugumu kwa miguu.

Msimamizi mwenyewe alijua kuendesha. Akapanda, akawasha, akalizungusha bomba lililokuwa shimoni kulijaribu. Mwita akatia bomba jipya begani, akaelekea mlango wa kizimba. Nilimwita, "Kaka!" Hakugeuka. Mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni la mawe, na maji yalikuwa ya baridi. Nakumbuka hilo kuliko nilichokuwa nikiwaza.

Mlangoni akasimama. Alilitazama bomba likizunguka, akaitazama na njia aliyoshika Mzee Salumu. Kisha akalishusha lile la begani, akaufungua waya na kuutupa majanini. Mlango ulikuwa wazi, mtambo ukaacha kuzunguka.

"Nitangoja kipuri," akasema, akaketi chini. Wenzake wakaketi mmoja baada ya mwingine. Msimamizi alitukana mpaka akachoka.

Kipuri kilikuja, na shimo likamalizwa kwa mkono wa chuma, Mwita akiwa kwenye vishikio. Likatoa mawe ya kijivu na maji. Dhahabu hamna. Wakaliziba kwa saruji, wakahamia kilima kingine.

Mzee Salumu hakurudishwa kazini. Alifungua karakana ya kutengeneza mashine za kusaga, akaishi kwa hiyo. Mwita hakumwomba radhi kwa maneno, alimpelekea mtamba, akainama, akasema, "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia, akamwuliza habari za mama yake.

Sasa sikiliza, wewe unayekwenda mgodini. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wacha wakucheke. Husemwa pia kwamba ajali haina kinga. Mimi nimeona ajali yenye kinga, na kinga yenyewe ilikuwa mlango, na mtu akaifunga swichi yake kwa waya. Ukipewa mashine ya kukupunguzia mzigo, usione umepunguziwa uanaume. Jifunze kuitumia. Ikiharibika, ngoja itengenezwe. Mkubwa akikuharakisha, kumbuka kwamba shimo huweza kuwa tupu, na mkono uliokatika hauoti tena. Na ukimwona mzee anakataa peke yake, usiongeze sauti yako kwenye kicheko. Mwulize kwanza anaona nini.

Mama yako alipokuzaa nilikuwepo, nikakuhesabu vidole vya mikono na vya miguu, vikatimia. Mungu akutangulie uendako, akurudishe nyumbani kila jioni navyo vyote. Nenda salama, mwanangu.