Mapovu Kwenye Kioo

Kwa miaka thelathini baba mdogo alitengeneza viyoyozi vya magari ya watu, mpaka mtaani wakamwita Barafu. Gari lake mwenyewe, lililolingana umri na ndoa yake, lilikuwa tanuri. Tulilicheka, hadi daktari aliposema moyo wa mama mdogo hauhimili tena joto. Na kliniki yake ilikuwa mwendo wa saa mbili juani, kila wiki.

Gesi ya zamani ya kupozea ilishaadimika. Barafu akaamua kuliwekea gari gesi mpya, na hakulipua kazi. Alisafisha mabomba, akabadilisha mafuta ya kompresa na mipira yote ya viungio, akavuta hewa kwa pampu.

Maelezo ya gesi yaliandikwa kwenye kopo, kwa lugha asiyoijua. Aliniita nimsomee. Sikwenda. Siku hiyo chuoni tulikuwa na mkutano wa kutetea mafundi na vibarua.

"Hiyo si ya kupima kwa mizani?" jirani yake, mpiga rangi, alimuuliza.

"Mizani ni ya muuza nyama. Mimi nina kioo."

Kioo chenyewe ni kidirisha kwenye bomba, kidogo kama kifungo cha shati. Kwa gesi ya zamani, mapovu yakiisha, imetosha. Mpya hutoa mapovu hata ikitosha. Barafu akaongeza, akachungulia, akaongeza tena, mpaka kioo kikang'aa.

Asubuhi ya kliniki mama mdogo akaketi mbele.

"Leo ndiyo nimeolewa na Barafu," akamtania.

Kwenye foleni, jua la utosi, bomba, gesi imelizidi, likapasuka kwa kishindo. Gesi yote ikatoka. Wakashusha vioo vya milango, joto likaingia. Mama mdogo alifika kliniki akiwa amebebwa.

Aliporudi nyumbani alisema, "Mume wangu, safari hizi basi. Niache nipumzike hapa hapa." Tumembembeleza mwezi mzima. Hataki.

Dunia nzima ilibadilishiwa gesi, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza fundi kwa lugha yake. Hasira hiyo ninayo. Ila kopo nilikuwa naweza kulisoma.

Juzi nilimsomea Barafu, neno kwa neno: usijaze mpaka mapovu yaishe.

"Kumbe iliandikwa," akasema.

Chumbani mama mdogo alikohoa. Barafu hakugeuka.

"Hebu soma tena," akaniambia.