Ghala Letu la Bigwa

Ipo siku moja ya soko, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa enzi za Mdachi, nami nilikuwa mwali niliyetoka ndani karibuni. Tulishuka kutoka juu Uluguru, mimi na mama yangu mkubwa, Bi Zena, kila mmoja na mzigo wa maharage kichwani. Tulifika Morogoro mjini jua linachomoza.

Tukatandika mkeka, tukakaa. Mnunuzi mkubwa alikuwa mnyapara wa shamba la mzungu mmoja, mtu wa pwani, aliyetumwa kutafuta chakula cha vibarua. Lakini yule bwana tangu asubuhi amekaa barazani anakunywa kahawa, hata hatutazami. Nikajiuliza, vibarua wana njaa, maharage haya hapa, yeye anangoja nini?

Mimi nilizaliwa na maradhi ya kuuliza. Nikamwendea, nikapiga goti.

"Shikamoo, baba. Mbona hununui?"

"Marahaba. Nitanunua jua likielekea kuzama."

"Kwa nini baba?"

"Nyie watu wa mlimani hamruhusiwi kulala mjini, na mzigo hamtaki kuupandisha tena. Jioni mtanipa kwa bei nitakayotaka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Na kweli, jioni tulimpa.

Tukapanda mlima mikono mitupu, nami naendelea kuwaza. Mzungu ana ghala. Mhindi mwenye duka ana ghala. Wote wanaonunua wana pa kuweka vitu. Sisi tunaolima ndio hatuna. Nikamwuliza mama mkubwa, "Kwa nini sisi hatuna ghala? Tumwombe Mhindi atuwekee mizigo yetu."

Bi Zena alisimama pale pale njiani. "Umeuliza vizuri, mwanangu, ila umejijibu vibaya. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sembuse cha mtu asiye nduguyo? Akikutoa utakwenda wapi?"

Ukoo wetu ulikuwa na kiwanja kule Bigwa, chini ya mlima, nje kidogo ya mji, kimelala tu. Mtunza ardhi alikuwa mjomba wangu, Kibwana, kwa maana kwetu Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Bi Zena akamwendea kaka yake, akamwomba tujenge ghala letu pale. Mjomba hakukataa, ila alisema kila nyumba itakayoweka mzigo ilete nguzo yake na nyasi zake, hata wasio wa ukoo wetu. Watu wakaja. Wanaume wakachimba mashimo, sisi wanawake tukakandika udongo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ukuta haujakauka vizuri, akida wa serikali akatokea na yule mzungu, bwana wa mnyapara. Mzungu alikitaka kiwanja. Serikali ilikuwa na desturi ya kusema ardhi isiyolimwa haina mwenyewe. Ukiwa mweusi, ardhi ya babu yako ikipumzika mwaka mmoja inaitwa pori. Ya mzungu ikipumzika inaitwa shamba.

Akida akauliza, "Banda hili la nani?"

"Letu," akajibu Bi Zena.

"Letu si jina la mtu. Nitajieni mwenyewe." Akamgeukia mjomba, akashusha sauti. "Kibwana, sema ni lako, mimi nitakutetea bomani. Huenda hata ukafanywa jumbe wa hapa."

Nilimtazama mjomba usoni, nikaona ametamani. Naye alikuwa binadamu. Kisha akasema, "Likiwa langu, mwenye kulitaka atanitisha mimi peke yangu, na kesho nitakuwa nimelitoa. Waulize hawa."

Akida akauliza, kwa kejeli kidogo. Watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, kila mtu akashika nguzo aliyoileta. "Hii nimeikata mimi." "Hii ya mume wangu." Mimi nikaonyesha ukuta nilioukandika. Akida akamtazama mzungu, wakanong'onezana. Kufukuza mtu mmoja ni rahisi. Kufukuza mlima mzima kunaleta maneno. Mzungu akaondoka. Sikudanganyi, mwanangu, kuwa tulishinda yote: alichukua bonde la jirani, penye mto, na wenyewe wakageuka vibarua wake.

Soko lililofuata mnyapara alikaa na kahawa yake mpaka jua likashuka. Tukajitwika maharage, tukaenda zetu Bigwa. Asubuhi alitufuata mwenyewe, viatu vimelowa umande, akauliza bei. Safari hii bei tuliitaja sisi.

Baadaye vita vikaja, askari wakachukua akiba yetu na banda wakalichoma. Watu wa bondeni walingoja bwana wao aamue la kufanya. Sisi hatukumngoja mtu. Mvua zilipokwisha tulijenga tena.

Basi, mwanangu, ukiona umaskini unakurudia, usikimbilie kulia wala kumtukana anayenunua kwako. Kwanza uliza: yeye ana nini ambacho mimi sina? Ukikijua, usikiazime kwake. Kitafute na wenzako, na kila mmoja atoe jasho lake, ili siku ya kutishwa kila mmoja awe na cha kushika. Na atakayekuja kukwambia kiandikwe jina lako peke yako, hata akiwa rafiki, mwambie akawaulize wenzako.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa kuuliza. Akupe majirani wa kujenga nao, na mlichojenga kiwafae hata watoto ambao hamtawaona. Amina.