Goti Baridi, Tumbo la Moto

Kwetu mtu akiugua, swali la kwanza ni kama ugonjwa wake ni wa baridi au wa joto. Dawa hufuata jibu. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, hakuwa na shaka juu ya goti langu la kulia. Lilikuwa limevimba, na asubuhi lilikaza hata nikashuka ngazi kwa makalio kama mtoto mdogo. Jua likipanda, lililainika kidogo.

"Baridi yabisi hii," alisema. "Imekwisha kuingia mfupani."

Basi akanipa kila kitu cha moto: tangawizi, pilipili manga, mdalasini, supu ya jogoo iliyotiwa karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Jioni alinikanda kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa jikoni.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza skuli ya msingi na nilikuwa nashona kofia za viua, zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi, nyumbani karibu na mtaa wa Ndia Kuu. Kazi hii hufanywa kwa kukaa chini, mguu umekunjwa, kofia imelazwa juu ya goti. Mshonaji hana meza nyingine. Goti lisipokunjika hakuna kofia, na mimi sikujua kazi nyingine wala sikuwa na ulimi wa kuuza dukani.

Bibi hakujua habari za tumbo langu. Nilikuwa nikiharisha, na mara nyingine niliona damu. Nyumba yetu ilikuwa na choo kimoja kwa watu wa orofa mbili, na ukuta wake mwembamba. Nikiingia mara nyingi ningeulizwa, nami nilikuwa mtu wa kuona haya hata kuomba chumvi. Kwa hivyo nilikwenda choo cha msikitini. Nilikwenda alfajiri, nikaenda kabla ya adhuhuri, nikaenda tena na tena, nikichechemea.

Jirani yetu wa chini akamwambia Bibi, "Mashaallah, mjukuu wako amcha Mungu. Goti bovu na msikiti hauwachi!"

Bibi alifurahi sana. Baada ya hapo ningemwambiaje?

Nikaenda peke yangu kwa mtabibu mmoja Makadara, aliyeuza dawa za miti na mbegu. Nilimwambia habari za tumbo tu, kwa sauti ndogo, nikitazama magunia yake ya mbegu. Akaniambia nimeungua ndani kwa joto. Akaniamuru ninywe madafu, mtindi na uji wa mchele uliopoa, na nisiguse tangawizi wala pilipili.

Ikawa asubuhi nanywa moto wa Bibi, alasiri nanywa baridi ya mtabibu. Wote wawili wakanung'unika.

"Goti hili mbona halisikii dawa?" Bibi aliuliza. "Kuna kitu ulacho huko nje wewe."

"Sili kitu, Bibi."

"Basi ni kaidi kama marehemu babu yako."

Na mtabibu, nilipomrudia, alininusa. "Umekula tangawizi."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Umekula, na pilipili manga pia. Wataka kupona au wataka pilau?"

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Nilikuwa na uzi wa kupimia vichwa vya watu wa kofia. Nikaufunga gotini siku uvimbe ulipopungua, nikakata pale ncha zilipokutana. Baada ya hapo nililipima goti nao tena kila tumbo lilipochafuka. Sikuhitaji kujua hesabu kuona jambo lenyewe. Tumbo likitangulia kuharibika, baada ya siku chache ncha za uzi zilikataa kukutana. Tumbo likitulia, zilikutana tena. Wakati mmoja tumbo lilipokuwa baya sana, vidole viwili vilivimba na jicho la kushoto likawa jekundu bila kuingia vumbi.

Goti lilijuaje habari za tumbo? Hilo lilinishughulisha kuliko maumivu yenyewe. Bibi alipochinja kuku, niliomba nimtengeneze mimi. Nikafuata utumbo wake taratibu kwa kidole, nikitafuta mshipa wowote unaotoka hapo kwenda pajani. Sikuuona.

"Watafuta nini humo, lulu?" Bibi aliniuliza. "Mtengeneze kuku, maji yachemka."

Goti lilipozidi kukataa dawa, Bibi akaamua lichomwe chuma. Palikuwa na mzee Mhadhrami aliyeuza kahawa kwenye kona moja, na chuma chake cha kuchomea alikipasha katika makaa yale yale ya kahawa. Wapo aliowaponya, wenyewe walisema hivyo. Lakini namjua mtu mmoja, mchukuzi wa bandarini, ambaye goti lake baada ya kuchomwa halikukunjika tena. Alikaa kitini mguu umenyooka kama mwiko. Mtu wa kiti anaweza kufanya kazi nyingi, lakini kofia hashoni. Usiku wa kuamkia Ijumaa sikupata usingizi.

Baada ya sala Bibi alivaa buibui lake tukaenda. Barazani kwa mzee wa kahawa palikuwa na watu wanne watano wakinywa kahawa. Chuma kilikuwa kimekwisha kutiwa makaani, kando ya dele la kahawa.

"Huyu naye aja kunywa au aja kuchomwa?" mmoja aliuliza.

"Atachomwa kwanza, kisha atakunywa," mwingine akasema. "Ila mzee, usikosee ukamtia kahawa gotini!"

Wakacheka. Mzee hakucheka. Aliniketisha, akaliminya goti langu pande zote, kisha akauliza swali ambalo huwauliza wote kabla ya kuwachoma, kwa kuwa mtu anayetoka damu hachomwi.

"Kuna mahali watoka damu?"

"Hapana," Bibi alinijibia. "Mzima huyu. Ni goti tu."

Mzee akanyoosha mkono kukishika chuma.

"Natoka," nikasema.

Bibi akageuka. "Watoka nini?"

"Damu, Bibi."

"Wapi?" mzee akauliza.

Watu wa baraza wakaweka vikombe chini. Nikasema, "Chooni."

"Bawasiri!" mtu mmoja akadakia, na wengine wakaguna kwa kujua.

"Si bawasiri," nikasema. Sijui nilipata wapi sauti. "Ni tumbo. Tumbo likiharibika ndipo goti huvimba. Nimepima. Tumbo ndilo la kwanza."

Mzee alinitazama, akamtazama Bibi. Kisha alikitoa chuma makaani akakizamisha katika ndoo ya kuoshea vikombe, kikalia.

"Simchomi," alisema. "Baridi naichoma. Huyu ndani ana moto, na mimi moto siutilii moto."

Tulirudi nyumbani. Tulipofika ngazini, Bibi alisimama.

"Ule msikiti," alisema. "Kumbe ulikuwa wenda choo?"

"Naam, Bibi. Na kuswali pia."

Aliziba mdomo kwa ncha ya buibui. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha akalia kweli. Alinikasirikia mpaka magharibi kwa kumficha. Baada ya hapo alianza kuniuliza: damu ya namna gani, lini, goti hufuata baada ya muda gani, na jicho je? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mengi hivyo, nami nilijibu yote.

"Goti baridi, tumbo moto," alisema mwishowe. "Na mtu ni mmoja. Yawezekanaje?"

Alikwenda nami kwa mtabibu wa Makadara kumuuliza hilo hilo. Wakabishana hata wanunuzi wakaondoka. Mtabibu alisema goti nalo ni la joto, Bibi akasema hajaona joto la kukaza asubuhi. Walipochoka, mtabibu mwenyewe akasema twende hospitali.

Daktari alinibonyeza tumbo, akanibonyeza goti, akanitazama jicho. Dresa, yule mfunga vidonda aliyekuwa akitufasiria, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, alisema daktari amewahi kuwaona wagonjwa wa namna hii, wenye tumbo na viungo pamoja. Bibi akataka aulizwe kipi huanza, na ugonjwa hupita wapi kufika gotini. Dresa akauliza. Daktari alitikisa kichwa na kusema hilo hajui, ila nisile pilipili, nipumzike wakati wa uvimbe, na goti nisiliache likaganda, nilikunje na kulikunjua kidogo kidogo.

Bibi hakuridhika, wala mimi. Lakini aliacha kunipa moto, na mtindi wa baridi wa mtungini nao hataki ninywe. Sasa kila kitu hunipa vuguvugu, mpaka maji ya kunywa. Ugonjwa haujaondoka. Kuna miezi siwezi kushika sindano, na kuna miezi kama huu. Leo nimekaa chini mguu umekunjwa, kofia iko gotini, na Bibi yuko jikoni akiniuliza kwa sauti, jirani wa chini akisikia, "Tumbo vipi leo?"

"Limetulia, Bibi," namjibu.