Ujumbe Nilioutuma Mimi

Kwa miaka sita nilinunua mabuyu kwa mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akiuza nje ya geti la shule yetu, hapa Malindi. Alikuwa mjane, si mwingi wa maneno. Alikuwa na meza ndogo ya mabuyu ya sukari na rangi na achari, na pembeni karai la kukaangia viazi. Alimpa kiazi bure mwanafunzi asiye na kitu. "Kula, mwanangu, ukasome."

Jumapili moja alasiri jamaa yangu alinitumia video. Watoto wenye sare walikuwa wamelala chini, wengine wakitapika. Maandishi yalisema ni wanafunzi wa Malindi, wamedhuriwa na rangi ya mabuyu. Sikuitazama mara mbili. Niliipeleka kwenye kundi la wazazi, nikaongeza neno moja: "Tahadhari." Mimi ni mwalimu wa watoto wao wa miaka mingi. Neno langu wanalishika.

Kesho yake asubuhi nilisikia ukemi getini, watu wakifoka. Wazazi wanne watano walikuwa wameizunguka meza.

"Unatuulia watoto!"

"Haki ya Mungu, mabuyu haya hata wajukuu wangu wanakula," mama alikuwa akiapa.

Mtu akaisukuma meza, meza ikaligonga karai, mafuta ya moto yakammwagikia mguuni. Nilifika wakati amekaa mchangani, ameushika mguu, halii. Tulimpakia kwenye tuktuk tukampeleka hospitali. Njia nzima alikuwa akinishukuru.

Niliporudi nilijifungia ofisini nikaitazama video tena. Sare zilikuwa za rangi ya machungwa, wala hakuna shule ya kwetu inayovaa hivyo. Gari la wagonjwa lilikuwa na maandishi ya lugha nisiyoijua. Nilipoitafuta picha ile mtandaoni niliikuta: ni ya nchi nyingine, ya zamani, watoto waliokula chakula kilichoharibika. Haikunichukua hata dakika kumi.

Nikawaandikia wazazi kwamba habari ile ni ya uongo na kwamba kosa ni langu. Watatu tu walijibu. Mmoja aliandika, "Heri kujikinga, mwalimu."

Wiki hiyo niliwaonyesha Kidato cha Tatu video ile ile, nikawauliza wanaona nini. Wakaitaja sare, wakalitaja gari. Mmoja akasema tungepiga simu hospitali tu kuuliza kama kuna watoto waliolazwa. Kisha msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, wewe ulitumiwa na nani?"

"Na jamaa yangu."

"Ulimwuliza yeye kaipata wapi?"

"Sikumwuliza. Nikawatumia wazazi wenu."

Darasa zima likainamisha macho. Nadhani walinionea haya. Tangu hapo somo hilo nalifundisha kila muhula, nami huanza na ujumbe wangu mwenyewe. Sijalizoea.

Yule mama hakurudi getini. Likizo ilipofika nilimfuata kwao, bara ya Kilifi, nikamkuta akipura mahindi. Alinipa kigoda na maji ya kunywa. Mguu ulikuwa umepona vibaya, ngozi imejikunja, kidole kimoja hakinyooki.

"Mama, nimekuja kukwambia jambo. Ile video, aliyewapelekea wazazi ni mimi."

Aliokota punje zilizorukia mkekani.

"Wewe ulikuwa ukila mabuyu yangu kila siku," akasema. "Uliwahi kuumwa tumbo?"

"Hapana, mama."

"Basi si ungewaambia hilo?"

Nilimsihi arudi, nikamwambia wanafunzi wanajua ukweli sasa, na mwalimu mkuu ameridhia. Akatikisa kichwa. Alisema watoto wale anawapenda, lakini kila mzazi atakayepita ataitazama meza yake kwa jicho jingine, naye hana nguvu za kutazamwa hivyo.

Nilipoaga alinifungia mahindi mawili ya kuchoma, kama mgeni yeyote. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuthubutu kumwuliza.